Tuliofuta Uso wa Mama Halima

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Jua bado linachoma, upepo umenijaza vumbi machoni, lakini si vumbi lililoniliza leo.

Nina hasira. Hata chai imenishinda kunywa.

Asubuhi mbio zilipita hapa mjini Isiolo. Barabara kuu ilifungwa, watu wakashangilia mpaka sauti zikakauka. Baadaye nikawachukua wageni watatu wa kutoka Nairobi, medali bado shingoni, nikawatembeza. Wao walidhani Isiolo ni mahali pa kujaza mafuta ukielekea Marsabit. Nikawapitisha kwa akina mama wa shanga, kwa wauza miraa, yale majani ya kutafuna ya kwetu Meru, wakaonja maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wakakunja nyuso. Tukacheka sana.

Kizuri zaidi nilikiweka mwisho: uchochoro ulio nyuma ya soko la maziwa. Rafiki yangu Halima alichora ukuta mzima pale. Wanawake saba wauza maziwa, na wa katikati ni mama yake, aliyefariki mwaka jana. Yule mama hakukubali kupigwa picha maisha yake yote. Halima alimchora kwa kumbukumbu tu, na kila asubuhi akitoka kwake mtaani Chechelesi alipita kumsalimia.

Tulipokata kona, ukuta ulikuwa mweupe.

Mweupe pe! Rangi ilikuwa bado inanuka. Juu yake wametundika bango: "Karibu Isiolo Safi."

Safi! Kwani Mama Halima alikuwa uchafu?

Halima alikuwa amechuchumaa chini ya bango, anakwangua ukuta kwa kisu cha jikoni. Kucha zake zilikuwa nyeupe. Alikuwa amepata sikio moja na kipande cha mtandio.

"Kendi, wewe uko kwa kamati ya mbio," akasema bila kugeuka. "Nani alisema afutwe?"

Wageni wakarudi nyuma kidogo.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika uongo. Sitaandika. Wiki jana, kwenye mkutano wa kamati, mwenyekiti alisema vichochoro vyote vipakwe rangi nyeupe, wageni wasione "hiyo michoromichoro". Nilijua ukuta wa Halima umo. Lakini kazi ya kutembeza wageni ilikuwa haijapewa mtu, na mimi niliitaka. Nikainamia daftari langu. Nikajidanganya kwamba wapaka rangi hawatafika huko nyuma ya soko.

Nikamwambia yote.

"Na ulijua mama yuko pale."

"Nilijua."

Nikaokota jiwe nimsaidie kukwangua. Akanishika mkono, si kwa ukali, akalitoa lile jiwe.

"Wacha. Utamharibu. Hujui pua yake inaanzia wapi."

Hilo limeniuma kuliko tusi.

Nilipoanza kuomba msamaha akanikata. "Usiniletee pole, Kendi. Wewe si huandika kwa mtandao? Andika. Lakini usiandike 'wao, wao' kama vile hukuwako."

Nimerudi nyumbani peke yangu. Jumatatu nitamwambia mwenyekiti usoni kwamba alichofanya ni unyama, kisha nitoke kwa hiyo kamati. Sijui kama Halima atanifungulia mlango tena. Sina haki ya kumuuliza.

Lakini nimeandika, kama alivyosema. Sisi ndio tuliomfuta mama yake. Mimi naitwa Kendi, na siku ile ya mkutano nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwa mwenyekiti.