Goti la Mama Mkwe na Gia Namba Mbili

Haya, mmerudi! Mwezi mzima hamkuandika, mlidhani Bibi Leonsia mshauri wenu amekufa? Mnasubiri mpaka gari lichemke ndipo mnikumbuke. Barua ya leo nimesomewa mara mbili, maana mara ya kwanza nilicheka nikakosa mwisho.

*Bibi, shikamoo, nakuja kwako sina pa kuficha uso, mimi Nkwabi wa Magu, nina pikapu ya mtumba ya kununulia pamba, na juzi nilimleta mjini mama yake mchumba wangu Evelina, sasa mlango wa abiria nimeufunga kwa mpira wa baiskeli, mama akaogopa kuanguka akakaa katikati, Evelina akakaa mlangoni, na mkono wa gia wa gari hili ukiingiza namba mbili unarudi nyuma mpaka kwenye goti la mama, na unajua kwetu Usukumani mama mkwe haguswi hata kwa bahati mbaya, basi nikabaki namba moja, injini inalia, baiskeli zinatupita, nikajaribu kuruka niende tatu gari likatetemeka likazima, tunafika stendi ya Buzuruga rejeta inafuka, mama akamwambia Evelina nikiwa nasikia, "Huyu gari limemshinda, wewe atakuweza?" na sasa kasema mahari isubiri kwanza, na Jumapili natakiwa kumrudisha, nikiligusa goti nimekosa adabu, nisipoligusa nimekosa mke.*

Marahaba, Nkwabi. Pole, ingawa pole kubwa naipeleka kwa injini. Mnunuzi mzima wa pamba unafunga mlango kwa mpira, halafu unampakia mkwe?

Adabu yako naipenda, usiiache. Ila adabu haipozi rejeta. Mimi usukani sijawahi kushika, lakini marehemu mume wangu aliendesha lori la pamba nami nikiwa pembeni, masikio yangu yanajua. Gari likishaanza kutembea, namba moja imemaliza kazi. Injini ikipiga kelele kama mbuzi anayechinjwa, inaomba gia ya juu: toa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, ingiza mbili. Ikilia tena, tatu. Ikitetemeka kama mwenye homa, rudi chini. Na mlima punguza gia kabla hujauanza, si katikati huku unamwita Mungu.

Leo hii mlango uende kwa fundi ukawekwe kitasa. Jumapili mama akae dirishani, Evelina katikati. Goti la Evelina halina mwiko, tusidanganyane. Halafu Evelina amwambie mama yake kwa nini ulikwama namba moja. Amekuona mjinga, mwanangu, kumbe ulikuwa unamheshimu mpaka moshi ukatoka. Atacheka, na akicheka ng'ombe wa mahari wataongeleka.

Ukirudi mjini pitia kwangu Mabatini. Ukifika kwenye mashine ya kusaga iliyo jirani yangu nataka nisikie umeingiza mbili. Nisiposikia, usiteremke. Geuza, uanze upya.