Bakteria Wangu, Sifa za Projesti

Kaisho, Jumatatu ya Pasaka, 1996

Mvua haijakatika tangu asubuhi, migomba inachuruzika maji, na mimi nimenuna. Nikisema ni mvua nitakuwa najidanganya. Ni Projesti.

Projesti ni mtoto wa baba mdogo. Tulisoma wote sayansi. Yeye akaenda Ulaya, mimi nikabaki kwenye maabara ya chuo ambako umeme hukatika ovyo. Lakini bakteria ni wangu! Niliwatoa mwenyewe kwenye tope la mashimo ya zamani ya kuchimba madini ya bati, juu ya kibanja chetu cha migomba, mahali ambapo hata nyasi zinaota kwa shida. Nimewalea miaka, nikijiuliza wanaishije na madini yote yale. Nikampelekea Projesti kidogo, tusaidiane.

Yeye hakushika hata tope. Huko kwao walisoma mpangilio wa protini za hao bakteria, akauingiza kwenye kompyuta, ikaulinganisha na wa protini zinazojulikana. Kabla ya chakula cha jioni alishapata moja inayofanana na zile zinazokamata madini.

Mchana mmoja tu.

Naona wivu. Basi, nimesema.

Amekuja kula Pasaka nyumbani, na jana rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa kwa ajili yake. Baba alimwambia kila mgeni kwamba huyu ndiye mgunduzi wetu. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi.

Ila kufanana hakutoshi. Lazima ipimwe kama kweli inashika madini, na bakteria wake wamekufa wote baada ya jokofu kuharibika. Waliobaki ni hawa wangu.

Leo asubuhi akaja na kibuyu cha rubisi, akamwamkia mama, kisha akaomba vile watu wa huku wanavyoomba mche wa mgomba, amesimama mbele ya wenye nyumba.

"Dada, nimekuja kuomba mbegu. Wale bakteria wako."

Mjanja huyu! Huku mtu akikuomba mche humnyimi, hata kama mmegombana. Mama hakungoja nifungue mdomo.

"Atakupa, mwanangu. Tangu lini nyumba hii ikamnyima mtu mbegu?"

Kwa hasira nikapokea kibuyu, nikapiga funda kubwa. Nilikuwa nimeshameza nilipokumbuka kwamba ukionja kibuyu cha mwombaji, umekubali. Projesti akacheka. Mama naye.

Tangu hapo naomba kimoyomoyo protini yake isishike hata chembe ya madini. Arudi Ulaya kimya, baba apunguze sifa.

Jioni hii, nikibandua tope kwenye viatu, ndipo nilipoelewa ninachokiomba. Protini ile inatoka kwa bakteria wangu. Projesti akikosea, nami nimerudi pale pale, sijui wanaishije. Akipatia, nitajua, na sifa zitakuwa zake.

Nitampa. Nimeshakunywa.

Lakini baadaye mama atatuita kwenye sala, na sijui nimwombee Projesti apatie au akosee.