Moto wa Kuomba

Majengo, Meru
Jumapili, 31 Agosti 2025

Kwa ndugu yangu Nthiga,

Pokea salamu nyingi. Natumai wewe na mkeo Wambeti hamjambo, na mbuzi wenu wanapata cha kula na jua hilo la Gachoka. Huku sisi ni wazima, ukiondoa hili koo langu. Binti yangu Rukaya anakusalimu.

Sitazunguka. Jana saa kumi nilipofungua kikao chetu cha redio ya upepo nilikuita mara tatu, kimya. Jumamosi iliyopita pia, kimya. Mutuma aliitika kutoka Nkubu, Mwalimu Kajuju akaitika kutoka Chuka, hata yule wa Kanja ambaye redio yake hukoroma aliitika. Wewe tu! Na betri uliyo nayo ni mpya, niliiunda kwa mikono hii hii inayokata nyama. Nikaipanga ndani ya mtungi wa mafuta ya kupikia, nikakupa sola ya kukunja na kamba ya kubebea begani. Sasa shida iko wapi?

Nauliza hivi kwa sababu kuna jambo sikutaka kulisema hewani watu wote wakisikiliza. Uvimbe wa kooni ni mbaya. Jumanne tarehe 30 Septemba wanakitoa kikoromeo chote, na baada ya hapo sitasema tena maishani mwangu. Daktari amenikataza hata simu, eti nitunze sauti iliyobaki, na ujumbe wa simu wewe huufungui. Ndiyo maana nakuandikia barua kama kijana anayetafuta mchumba. Hiyo iliyobaki naitunza kwa ajili ya Jumamosi saa kumi.

Nataka nikukabidhi kikao, Nthiga. Mimi niseme kwa sauti yangu, wewe uitike kwa sauti yako, wenzetu wote wasikie. Mutuma hana subira, atagombana na watu. Mwalimu hana nafasi. Asipokuwepo wa kuita majina, watazima redio mmoja mmoja, na kitu tulichokianzisha tukiwa vijana wa kuendesha redio kule kambi ya walinzi wa msitu kitakufa pamoja na koo langu. Hilo linaniuma kuliko kisu cha daktari.

Niandikie haraka betri ina nini.

Ndugu yako,
Kasim

*

Gachoka
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Kasim ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa Rukaya na wote wa bucha. Sisi huku Mungu ametuweka. Lakini barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, ikabidi nitafute mahali pa kukaa. Wambeti alilia, mimi nilienda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na haja ya kuangaliwa. Tunakuombea.

Betri haina kosa lolote. Kosa ni kile kitundu cha kuchajia simu ulichoweka ubavuni. Unajua stima haijafika kwetu. Siku ya kwanza alikuja jirani yetu Igoki na simu yake. Siku ya pili akaja na ya shemeji yake. Sasa meza yangu imejaa simu za watu ambao wengine siwajui hata kwa sura. Ikifika Jumamosi saa kumi, nikiwasha redio, inang'aa kidogo halafu inazima.

Nilimwambia Wambeti awaambie basi. Akanishangaa. "Baba Ruguru, mtu amekuja kuomba moto, nimwambie aje? Nimfukuze?"

Na hapo nikakwama, kwa sababu ndivyo tunavyosema sote: simu imeisha moto, nipe moto kidogo. Na wewe umekaa huku kwetu, unajua. Mama akiamka akute jiko lake limezima, huchukua kigae akaenda kwa jirani, akapewa makaa. Hata kama jana walitukanana, atapewa. Sijawahi kuona mtu amenyimwa moto katika kijiji hiki. Ningekuwa wa kwanza.

Lakini nitajaribu. Nipe nafasi.

Ndugu yako,
Nthiga

*

Majengo, Meru
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nthiga,

Salamu. Hamjambo, hatujambo, tuendelee.

Juzi tena kimya. Nimekasirika na sina hata sauti ya kukasirikia, nimebaki kumgombeza Rukaya kwa kalamu.

Hilo la moto ni neno tu, ewe mzee! Moto wa jiko ukitoa kaa moja, yale mengine yanaendelea kuwaka, hujapungukiwa. Moto wa betri ukitoa, umetoka. Mwambie Wambeti hivyo, kwa heshima zote. Kile kitundu nilikiweka kwa ajili ya simu YAKO, ile ambayo hata hivyo huipokei. Nilidhani nakufanyia wema, kumbe nimekufungulia duka la bure.

Pamoja na barua hii utapata gundi ya chuma. Ziba. Usifikirie, usiombe ushauri, ziba. Halafu anika sola tangu asubuhi, na mtu akiuliza mwambie Kasim wa Meru ndiye mchoyo. Mimi siishi huko, wanichukie tu.

Ndugu yako,
Kasim

*

Gachoka
Jumanne, 16 Septemba 2025

Kwa ndugu yangu Kasim,

Habari za koo? Maumivu yamezidi au yametulia? Usiache kutuambia. Binti yetu Ruguru alikuja kutoka Embu mjini na amekutumia asali, iko pamoja na barua.

Nilikiziba kitundu. Igoki alipokuja alikitazama, akanitazama, akaondoka bila kuaga. Hilo nililimeza.

Ijumaa nilishuka Kiritiri mnadani kuuza beberu. Nikiwa huko, Runji kinyozi akaja nyumbani. Jenereta yake imekufa, na Jumapili kanisani kulikuwa na harambee. Alikuja na mashine yake ya kunyolea na nyaya mbili zenye vibanio, akazibana kwenye vichwa vya betri vyenyewe, kitundu hakikumhusu. Akanyoa kwaya nzima chini ya mti wetu. Wambeti aliwapikia chai.

Niliporudi nilikuta nywele uani na betri imekauka. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Wambeti alisema tu, "Kwani wangeimba na nywele ndefu?"

Mimi mwenyewe nimechoka, Kasim. Usidhani ni wewe tu unayeumia. Kuanzia sasa betri inalala ghalani, na ufunguo uko shingoni mwangu.

Ndugu yako,
Nthiga

*

Majengo, Meru
Jumapili, 21 Septemba 2025

Nthiga,

Salamu kwa Wambeti. Asali imefika, asante, inapita kooni bila kuuma.

Kwaya! Nimesubiri miaka yote hii nije nishindwe na vichwa vya kwaya!

Jana ulifanikiwa kuwasha, nakubali. Ulisema "Habari za" halafu ukapotea. Ni mawingu, najua, sola haikushiba. Lakini Mutuma alicheka hewani na mimi nikaumia.

Imebaki Jumamosi moja. Sasa hivi natoa kamnong'ono tu, Rukaya hunisikia akiinama. Kipaza sauti kitanivumilia mara hii moja, baada ya hapo basi. Sitaandika tena kabla ya hiyo siku. Nitakuita, uniitike, nikukabidhi. Sina ombi lingine duniani.

Kasim

*

Gachoka
Jumapili, 28 Septemba 2025

Kasim, ndugu yangu,

Salamu, na Mungu akutangulie Jumanne. Rukaya, kama ni wewe unayemsomea, soma polepole.

Nilikusikia.

Najua unadhani sikuwepo. Nilikuwepo, nimevaa koti langu la kanisani. Jana asubuhi Igoki alikuja mbio na mjukuu wake mgongoni, kifua kimembana, na ile mashine ya mvuke waliyopewa hospitali, ambayo inataka umeme. Hakuomba kwa maneno. Nilivua ufunguo shingoni mwenyewe, usimlaumu Wambeti. Mashine ilinguruma sana mpaka mtoto akaanza kupumua vizuri, na jua siku hiyo halikutoka. Mtoto yuko salama. Siwezi kusema najuta, na siwezi kusema sijaumia.

Saa kumi niliwasha. Kusikiliza hakuli moto mwingi, unajua, kusema ndiko kunakula. Nikakusikia ukisema, "Nthiga, Nthiga, ndugu yangu, uko?" Nikabonyeza nikujibu, redio ikazima. Nikaiwasha tena, nikakusikia tena. Nikabonyeza, ikazima. Nikaona nikiendelea kubonyeza sitakusikia kabisa, basi nikaondoa mkono, nikakaa. Nikakusikia ukisema, "Basi, nasubiri." Kisha ukawa unapumua tu. Hatimaye Mutuma akafunga kikao kwa niaba yako.

Wambeti alikuwa mlangoni, alisikia yote. Leo baada ya kanisa alisimama mbele ya akina mama, Igoki akiwemo, akawaambia, "Moto sitawanyima. Lakini kuna mtu anayetoa makaa chini ya chungu cha mwenzake kikiwa bado kinachemka? Ijumaa na Jumamosi kuna chungu cha Kasim mekoni. Mgonjwa aje saa yoyote. Simu na nywele zisubiri Jumatatu." Hakuna aliyebisha. Igoki ndiye aliyesema amina.

Kwa hiyo hukunikabidhi, lakini nimepokea. Jumamosi nitaita majina. Ukitoka hospitali, washa redio usikilize tu.

Ndugu yako,
Nthiga

*

Majengo, Meru
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa Nthiga, mwenye kikao,

Salamu kwako, kwa Wambeti na kwa mjukuu wa Igoki. Mimi ni mzima, nimepungua kitu kimoja tu. Rukaya anasema nyumba imekuwa na amani.

Jana nilikusikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho. Malalamiko ninayo. Unaita majina kama karani wa mnada, humpi mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Mwalimu Kajuju umemruka kisha ukamrudia. Na uliposema "betri imejaa" kwa majivuno hivyo, nilitamani kukutukana.

Lakini lililoniudhi zaidi ni hili. Ulifika kwenye jina langu, ukaita, "Kasim wa Meru," halafu papo hapo ukasema, "Kasim hayupo, tunamwombea."

Nilikuwepo! Nilibonyeza kitufe mpaka kidole kikauma, nikasahau kwamba redio zetu hizi bila sauti hazipeleki kitu. Miaka yote nimewafundisha watu hilo, nikalisahau mimi. Nilijua basi ulivyokaa siku ile ukinisikia nikikuita.

Nimepata njia. Jumamosi nitakuwa na kile kisu changu cha bucha, kile cha mpini wa mti. Nitagonga kipaza sauti kwa mpini mara mbili, ko ko. Huyo ni mimi.

Kwa hiyo ukifika kwenye jina langu usikimbie, Nthiga. Nyamaza kidogo.

Ndugu yako,
Kasim