Neno Ulilokuwa Ukiziambia Injini

Baba Upendo, mume wangu,

Upepo umeangusha migomba miwili karibu na kaburi lako, lakini kaburi lenyewe ni salama. Upendo amerudi chuoni. Mimi nipo. Nakuandikia kwa sababu nina wivu, na wa kumwambia simuoni. Mchungaji nitamwambiaje kwamba namwonea wivu binti wa gereji, kwa ajili ya mtu tuliyekwisha kumzika?

Ni Naomi, mwanafunzi wako. Siku ya maziko alilia mpaka akina mama wakaniacha mimi wakawa wanamtazama yeye. Nikamsogelea. "Unamlilia nani hivyo?" Akasema, "Fundi wangu, mama."

Wangu!

Usinielewe vibaya, simshuku kwa jambo lolote la aibu. Kinachoniuma ni maongezi. Nyumbani ulikuwa unanawa mafuta mikononi, unakula ndizi zako, unasema "asante mama," unalala. Kumbe kule gereji, Ngarenaro, ulikuwa unaongea kutwa nzima.

Mdogo wako Elia aliposema tufunge gereji na kuuza mashine, nilikubali haraka. Nilimwambia mimi sijui injini. Moyoni nilitaka yule binti akose pa kukukumbukia.

Nikaenda mwenyewe kumpa habari. Nilimkuta peke yake na ile injini ya boti iliyoletwa kutoka Mwanza kabla hujaugua. Alikuwa ameshaifunga kwenye daino, ile mashine yenu ya kupimia nguvu. Shikamoo yake hata sijaiitikia vizuri, akasema, "Mama, Mungu amekuleta. Nahitaji mtu wa kushika koki ya maji."

Unajua watu walivyokucheka. Injini za boti Arusha! Ataziendesha Mlima Meru? Mimi nilicheka nao kidogo, lakini sikuwahi kuja kuona. Naomi ndiye aliyenieleza, taratibu, kama anavyofundishwa mtoto: injini ya boti hupoza ekzosi yake kwa maji, na maji hayo hutoka pamoja na moshi kwenye mpira mnene. Ukifungua maji kabla haijawaka, yanarudi ndani na kuiua. Ukichelewa ikishawaka, mpira unaungua. "Ikishika tu, mama, fungua. Fundi alikuwa anasimama hapohapo ulipo."

Nikasimama mahali pako, mkono kwenye koki, na kanga yangu ya msibani.

Akapiga stata. Haikuwaka. Akapiga tena, ikakohoa, ikanyamaza. Ndipo akainama, akaweka kiganja juu ya chuma, akasema kwa sauti ya chini, "Amka, mrembo."

Baba Upendo.

Hilo ni neno langu. Jumapili asubuhi, kengele ya kwanza ya kanisa ikilia, wewe ukiwa umeshavaa shati: amka, mrembo. Miaka yote hiyo nilidhani duniani ni mimi peke yangu ninayeambiwa hivyo.

Injini ikawaka. Ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka, na mimi nimeganda. Nikasikia harufu ya mpira. Naomi akapiga kelele, "Maji, mama! Maji!" Nikafungua koki kwa mikono miwili. Muda kidogo ukapita, kisha maji yakaanza kutoka kwenye mpira yakichanganyika na moshi, yakimwagika mtaroni. Mpira ulikuwa umepona.

Akaanza kuiongezea mzigo kidogo kidogo, akitazama mshale wa daino, kichwa ameinamisha upande wa kushoto kama wewe ukisikiliza taarifa ya habari. Hilo nalo umempa.

Alipozima, nilimuuliza, "Lile neno umelitoa wapi?"

"Lipi, mama?"

"La kuamsha."

"Fundi alikuwa anaiambia kila injini."

"Alikuwa ananiambia mimi."

Akashika mdomo. Machozi yakamjaa. "Sikujua, mama. Nisamehe."

Mama mwema angemkumbatia. Mimi nilimwambia asiliseme tena, atafute la kwake. Akakubali. Siku hizi anaziambia injini "haya twende," na zinawaka vilevile.

Habari niliyokwenda kumpa sikumpa. Nilikaa kwenye kiti chako, nikamuuliza mlikuwa mnaongea nini. Akaniambia kwamba ulipokuwa kijana ulitaka kuwa nahodha, na ukaogopa kwa sababu hukujua kuogelea. Mimi sikulijua hilo! Nimelala na wewe miaka yote, nikalisikia kwa Naomi, mtoto wa watu aliyetoka kijijini Maji ya Chai.

Basi nimemwambia Elia mashine haiuzwi. Amekasirika, atapoa. Kila asubuhi nashuka Ngarenaro, nashika koki, na sasa siichelewi. Tukinywa chai, Naomi ananipa habari yako moja nisiyoijua. Juzi aliniuliza, kwa aibu, "Na nyumbani, mama, Fundi alikuwaje?" Nikamwambia chai inapoa.

Za nyumbani simpi. Hata moja.

Lala salama, mume wangu. Nakuahidi gereji haitafungwa na mwanafunzi wako hatafukuzwa. Nitamsikiliza mpaka amalize yote aliyonayo. Siku hiyo nitakuwa nakujua kuliko yeye, na pengine nitampenda.

Mkeo,
Mama Upendo