Toa Ng'ombe, Weka Maharage

Nyabusozi, Biharamulo

Kwako Baba Koleta,

Nakusalimu wewe na wote hapo Keza. Vipi kifua, bado kinakubana asubuhi? Mama mkwe anakula vizuri? Mpe shikamoo yangu. Sisi huku kwa kaka tuko wazima, mahindi yameota, na kuni tunapata karibu.

Ila moyo wangu uko huko. Nakumbuka kilima chetu kabla hakijajaa maturubai ya wakimbizi, mimi na Koleta tunachambua maharage mlangoni, wewe unarudi na mkungu begani. Koleta anautazama mara moja tu, anakuambia una ndizi ngapi. Ulikuwa unacheka, unasema huyu atakuja kula mshahara wa serikali.

Ujumbe wako dereva wa lori alinifikishia. Unasema nimrudishe akalime, maana mwaka wa tatu huu yuko shule na hajui kusoma. Tafadhali nisikilize kwanza.

Ni kweli mwalimu wa huku alitaka kumrudisha darasa la kwanza. Kumi na sita anaandika sitini na moja, na herufi nazo zinamgeukia. Mimi nilidhani ni uvivu. Kila jioni nilimkalisha anakili kurasa mpaka analia, na vidole nikamchapa. Naona aibu kukuandikia hilo.

Nikamwomba mwalimu amwulize kwa mdomo. Akauliza: mfugaji ana ng'ombe arobaini na nane, anawagawia wanawe watatu sawasawa, kila mmoja anapata wangapi? Koleta kimya. Mwalimu akaniambia, "Umeona, mama?"

Njiani nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Bibi alinikataza kuhesabu ng'ombe wa watu, watakufa."

Kesho yake nikarudi. Nikasema, "Mwalimu, toa ng'ombe, weka maharage." Akacheka, akaweka. Hajamaliza hata kuuliza, mtoto kasema, "Kumi na sita." Halafu akaongeza, "Na ng'ombe ni hivyo hivyo, ila mimi sijawahesabu."

Sasa mwalimu anampa hesabu za darasa la tano kwa mdomo, na anaziweza. Kwa kuandika, nimetoboa kidirisha kwenye kipande cha boksi la sabuni, anakilaza juu ya daftari, anaona hesabu moja tu, nyingine zimejificha. Bado anageuza, lakini siku nyingine anajishtukia mwenyewe na kufuta. Mwalimu amekubali kungoja muhula uishe. Akiweza kuandika majibu yake, atapanda la nne. Asipoweza, sijui.

Baba Koleta, naomba muhula huu tu. Kulima kwake nitalima mimi.

Msalimie wifi yangu mdogo, na jirani anayetuchungia mbuzi, mwambie nikija namletea karanga.

Ukija kumchukua hata hivyo, siwezi kukuzuia, wewe ni baba yake. Ila kabla hujafunga mzigo wake, mwulize swali moja gumu, kwa mdomo. Halafu nyamaza, umngoje.

Ni mimi mkeo,
Mama Koleta