Macho ya Mumo na huyu wa tumboni

Kitengela, Jumanne, Agosti 2004

Kumbe hiyo dawa ya macho ya tyubu nilikuwa nampaka mwanangu Mumo bure. Mwaka mzima, kila jioni, akilia. Jirani yangu Mama Sanaipei ndiye aliniambia, "Ni hizi nzi za ng'ombe zetu, mama. Paka tu, huku hakuna mtoto hajapakwa." Nikaamini, maana mchana Mumo hawezi kufungua macho, lakini jua likishuka na nzi zikipungua anakimbia kama wengine.

Leo huko Kajiado, daktari wa macho aliyetoka Nairobi amesema si nzi. Nilimwomba anieleze polepole, mimi niliishia darasa la nne.

"Mama, mtoto akiwa tumboni, seli za nyuma ya jicho hungoja kuambiwa kazi yao. Kuna protini ya kupokea huo ujumbe. Ya Mumo iko na kasoro, kwa hivyo seli za kuona mchana hazikukomaa."

"Ni kitu nilikula?"

"Hapana. Imetoka kwa damu yenu, wewe na baba yake."

Hapo nikashika tumbo. Nikamuuliza, na huyu je? Akasema anaweza kuwa nayo, anaweza kukosa, tungoje azaliwe.

Baba Mumo amepiga simu kutoka kazini Namanga. Nimemwambia Mumo anahitaji miwani ya jua. Habari ya huyu wa tumboni nimeshindwa...

Akija Jumamosi nitamwambia. Mungu wangu, siombi mtoto wa kusoma sana. Naomba tu huyu afungue macho mchana.