Ufa Alioupiga Baba Plasta

Dada yangu Kendi,

Hamjambo hapo nyumbani Majimbo? Ile baridi ya Timau tuliyokuwa tukilalamikia, huku kaskazini ya dunia ingeitwa joto.

Leo tumetolewa ofisini tukatembee juu ya bahari iliyoganda. Unajua kazi yangu ni kuangalia picha za setilaiti na kuchora nyufa za barafu. Kuna ufa mmoja juzi niliuandikia "umeziba". Tulipoufikia ulikuwa mweupe, laini, kama ukuta uliopakwa rangi jana. Nikainua mguu nivuke. Mzee Nils, anayetuongoza, akanivuta kwa kofia ya koti, akachoma pale kwa fimbo ya chuma. Ikazama mpaka ngumi yake, maji meusi yakapanda.

"Umeziba wapi?" akaniuliza. "Hii ni ngozi tu."

Tangu hapo sijatulia. Supu ya samaki imepoa mbele yangu. Nawaza barua yako, kwamba Baba amepiga plasta ule ufa wa chumba cha Mama na kupaka rangi, akisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mimi nikamsifu.

Nimepiga simu dukani kwa Halima, jirani yenu, mara tatu, haishiki. Kadi hii ya posta itachukua wiki mbili kufika. Usimwonyeshe Baba, atabisha. Acha kusoma hapa, uhamishe kitanda cha Mama kiende sebuleni.

Kama umerudi, basi soma: nawapenda wote, hata huyo fundi wetu.

Kaka yako,
Mwenda